Sauti ya Pili ya Dorcas Kafedha

Shuka ya kitanda kikubwa haikunjiki na mtu mmoja. Yataka wawili, mmoja huku na mwenzake kule, wakutane katikati, wapeane ncha, kisha waachane tena. Katika londri ya hoteli moja ya ufuoni Bamburi, Dorcas Kafedha amekunja shuka tangu bintiye Vivian alipokuwa akitambaa, na sasa Vivian yuko chuo cha ualimu na humpigia mamake simu kumsahihisha mambo. Anayemshikia ncha ya pili ni Njeri, mwanamke wa Murang'a ambaye Pwani imemnenepesha na kumpunguzia haraka ya miguu, ila ulimi wake bado unakimbia.

Kafedha huimba akikunja. Si kwa nguvu, wala si ili asikiwe. Njeri akianzisha wimbo wowote, wa kanisani au wa redioni, Kafedha huingia chini yake taratibu na kuubeba, na Njeri hujikuta ghafla anaimba vizuri, jambo ambalo akiwa peke yake halijapata kumtokea.

Ndipo siku moja Njeri akaja na habari. Alikuwa ameona bango ukutani karibu na steji ya matatu. Kundi moja la Kisauni lilikuwa likitayarisha mchezo wa kuigiza, mchezo wa nyimbo mwanzo hadi mwisho, kuhusu ploti ya nyumba za kupanga ambayo mfereji wake wa maji umekauka. Wasichana wa kuigiza walikuwa wamepatikana tele. Waliotafutwa sasa ni kina mama.

“Ni wewe kabisa, Mama Vivian,” Njeri alisema. “Odishen ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Unaenda na wimbo mmoja, unaimba peke yako, bila ala, basi.”

“Mimi? Watu wazima tuna haya zetu, Njeri.”

“Haya gani? Si ni wewe ulikuwa unasimama hapo mlangoni na taulo kwa mkono, unaangalia wale waigizaji wa watalii mpaka supavaiza anakutafuta?”

Kafedha alicheka, akaikung'uta shuka, wakakunja mbili tatu. Ilikuwa kweli. Msimu ule hoteli ilipoleta waigizaji bustanini, alikuwa amekariri maneno yote ya mwanamke mmoja aliyevaa kanga nyekundu, na kwa muda mrefu baadaye aliyasema chini chini akiwa anafua nguo zake mwenyewe nyumbani. Hakumwambia mtu. Alipofungua kinywa tena, aliuliza kama mtu anayeulizia bei ya nyanya asizokusudia kununua:

“Jumamosi ya lini, umesema?”

Jioni hiyo, nyumbani kwao Kiembeni, alimkuta mumewe Munga uani amelifungua mgongo jokofu la mteja. Munga hutengeneza majokofu, na husikiliza watu kama anavyosikiliza injini, kichwa upande, bila haraka ya kujibu. Alipomaliza kusimuliwa aliweka bisibisi chini.

“Basi imba tusikie.”

Kafedha alichagua bila kufikiri. Kwaya yao kigangoni ina wimbo wa Pasaka, wa wanawake wanaokwenda kaburini alfajiri, na ameuimba kila mwaka tangu aolewe. Alisimama kando ya tangi la maji, akakohoa kidogo, akauimba wote. Munga alimsikiliza hadi mwisho.

“Mzuri,” alisema. “Ni wimbo gani huo?”

“Munga! Si ule wa Pasaka! Ule ambao wewe hutoa kitambaa kila mwaka.”

“Wa Pasaka naujua. Huo uliouimba ni jirani yake.”

Kafedha alitaka kukasirika. Lakini Munga akauanzisha wimbo mwenyewe, kwa koo lake kavu lisilojua kupanda wala kushuka vizuri, na hata hivyo ulikuwa ndio wenyewe, wimbo ambao mtu yeyote kigangoni angeutambua. Hapo ndipo Kafedha alipoketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Kumbe wimbo huo hakuujua. Alijua sauti ya pili tu.

Alijaribu mwengine wa harusi: sauti ya pili. Wa mazishi: sauti ya pili. Alijaribu ule waliomwimbia mgeni rasmi shuleni Ganze, alipokuwa msichana wa darasa la tano, siku mwalimu alipogundua kwamba hata akiwekwa katikati ya wenye makelele havutwi kuwafuata. Mwalimu alimtia mstari wa pili, na tangu hapo hakuna aliyemtoa. Alikuwa ameishi ndani ya nyimbo miaka yote akiingilia na kutokea mlango wa jikoni.

“Sasa nitaimba nini?” alimuuliza Munga, na Munga, aliyeyajua matatizo mengi ya gesi na waya, akaokota bisibisi yake.

Siku zilizofuata kila mtu alikuwa na wimbo wa kumpa. Njeri alitaka wimbo wa mapenzi uliokuwa ukipigwa sana redioni. Kafedha aliusikiliza kwenye simu, na alipojaribu kuuimba, kilichotoka ni yale maitikio ya wasichana wa nyuma. Munga alitaja wimbo wa kungwi ambao maneno yake Kafedha asingethubutu kuyatamka mbele ya vijana. Vivian alipiga simu kutoka chuoni akasema, “Mama, chagua kitu kifupi na cha furaha, wasikuchoke.” Mwisho Kafedha aliamua kwamba dawa ni kuujifunza ule wa Pasaka upya, toka mwanzo, kwa mwenyewe.

Mwenyewe ni Rosalia. Rosalia ndiye sauti ya kwanza ya kwaya na hahitaji kuambiwa. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi, na anavyoita wateja ndivyo anavyoita malaika, kwa kifua chote. Amesimama bega kwa bega na Kafedha tangu wote wawili wakiwa na watoto mgongoni. Wamegombana, wamezikiana wazazi, wameazimana masufuria.

Jumapili baada ya misa waliketi barazani kwa Rosalia na sinia la mchele kati yao. Rosalia aliimba mstari, Kafedha akaufuata. Haikuwa kazi ngumu. Mchele haujaisha kuchambuliwa, alikuwa ameshika wimbo wote. Lakini Rosalia alikunja uso.

“Umeupata, sikatai. Ila unauimba kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Hebu tubadilishane. Wewe chukua yangu, mie nichukue yako, tuone kama umeishika kweli.”

Wakaanza. Kafedha alikwenda sawa. Rosalia kufika mstari wa tatu alikuwa amerudi kwenye sauti yake mwenyewe. Wakarudia. Akarudi tena kwake. Mara ya nne alipiga sinia kwa kiganja, mchele ukaruka.

“Hii yako haina pa kushika! Imekaa pale pale tu, halafu bila taarifa inashuka. Wewe huwa unajuaje pa kwenda?”

“Nakusikiliza wewe.”

“Mimi?”

“Ukivuta pumzi najua.”

Rosalia alikusanya mchele ulioruka. “Hebu iimbe hiyo peke yake,” alisema. “Pole pole.”

Kafedha aliimba. Sauti ya pili ya wimbo ule hukaa muda mrefu mahali pamoja, haipandi na wanaopanda, na pale ambapo Rosalia hurusha sauti juu kwa furaha kwamba jiwe limeondolewa, yenyewe hushuka, kana kwamba wapo kati ya wale wanawake ambao bado hawajaamini. Hakuwahi kuisikia hivyo hata yeye. Alipomaliza, mkono wa Rosalia ulikuwa umesimama juu ya mchele.

“Miaka yote hii niko ubavuni pako,” Rosalia alisema, “na sijaisikia. Mie huko juu nafurahi, kumbe wewe huku chini unalia.”

“Silii. Ndivyo wimbo ulivyo.”

“Basi nenda na hiyo.”

“Rosalia, nani huenda kushindana na nusu ya wimbo?”

“Nani kakwambia ni nusu?”

 Kafedha alilichukua swali hilo akaenda nalo kazini, akakunja nalo shuka, na Njeri alipoambiwa alisema wazi kwamba watu watachanganyikiwa. Huenda. Lakini kila alipoijaribu sauti ya kwanza aliiona ni nzuri na ni ya Rosalia, na kila aliporudi kwenye ya pili, shingo yake ililegea na maneno yakawa na maana. Ijumaa alimwambia Munga ameshachagua. Munga aliuliza ni upi. Akamwambia, “Ni yule jirani.”

Jumamosi ukumbi ulijaa wasichana waliokuwa wakitembea huku na huko, simu masikioni, wakijiimbia ukutani. Rosalia alikataa kubaki nyumbani. Alikuja na chupa ya chai, akaketi kwenye benchi nje, chini ya dirisha, akaapa hatasema neno. Ndani, kiongozi wa kundi, kijana anayeitwa Fidel, aliinuka alipomwona Kafedha akiingia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Jisikie nyumbani. Ukiwa tayari, tuimbie.”

Kafedha alifunga vidole vyake mbele ya gauni la kitenge na kuanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wale wasichana waliokuwa wakinong'ona pembeni waliacha. Alisikia ukumbi ukitulia na hakuogopa.

Akaingia ubeti wa pili, pale pa jiwe, na Rosalia huko nje akashindwa kujizuia. Ile sauti kubwa ilipita dirishani kama kawaida yake ya kila Pasaka, ikapanda juu na kuujaza ukumbi. Na Kafedha, kabla hajajua analofanya, akashukuru. Ulikuwa raha ule uzoefu, kuwa na mtu wa kumsikiliza, kujua pa kwenda. Akapunguza sauti yake ili kumpa nafasi. Akajisikia akipungua. Akaacha kuimba.

“Rosalia!”

“Abee!” lilijibu dirisha.

“Nyamaza. Leo naimba mimi.”

Msichana mmoja alicheka akajiziba mdomo. Kafedha hakuomba radhi wala hakueleza. Aliurudia ubeti kutoka mwanzo, na alipofika pa kushuka, alishuka bila kusikiliza mtu, na mwisho wa wimbo Fidel alikuwa ameegemeza mikono yote miwili mezani.

“Umeutunga wewe, mama?”

“Ni wa kwaya yetu. Hiyo ni sauti ya pili.”

“Na ya kwanza?”

“Ndiyo hiyo umeisikia ikifukuzwa.”

Walicheka wote. Kisha Fidel akamwomba jambo la ajabu: aliseme tena lile neno nyamaza, vile vile, lakini sasa amwambie mpangaji anayelalamika maji hakuna. Kafedha akalisema. Fidel na wenzake wakatazamana.

Alipotoka nje benchi lilikuwa tupu. Rosalia alikuwa ameondoka na chupa yake.

Simu ilikuja katikati ya wiki. Amepewa nafasi ya mwenye ploti, mwanamke anayeogopwa na wapangaji wote, mwenye wimbo mmoja wa peke yake karibu na mwisho, anaposimama mbele ya mfereji mkavu. Njeri alipiga kelele hadi supavaiza akaja kuuliza nani ameungua.

Lakini Jumapili Rosalia aliimba misa nzima bila kumgeukia. Kafedha alimngoja nje ya kanisa.

“Rosalia, nilikufokea mbele za watu.”

“Ulinifokea.”

“Nisamehe ule ukali. Kukunyamazisha, hapana, hilo siliombei msamaha.”

Rosalia alimtazama juu hadi chini, kama anayemkagua mgeni. Midomo ikaanza kumcheza.

“Umepata?”

“Nimepata. Mwenye ploti.”

“Wewe? Na upole huo, utadai watu kodi?”

“Ndiyo nataka unisaidie huo ukali.”

“Ukali unao, mwanamke we. Nimeuonja.” Na akamshika mkono, wakatembea hadi njia panda.

Mchezo ulichezwa alasiri mbili, na ya pili ukumbi ulijaa zaidi ya ya kwanza. Munga aliketi mbele, amevua kofia tangu mwanzo. Kafedha alipoimba mbele ya mfereji, mama mmoja nyuma alisema kwa sauti, “Maskini, kumbe naye anaumia,” na watu wakamwambia anyamaze. Baadaye, nje, wageni walimzunguka wakamuuliza alijifunzia wapi kuimba namna ile.

“Kwangu!” Rosalia alijibu kabla yake. “Barazani kwangu mimi, tukichambua mchele. Mwanzoni alikuwa hawezi kabisa.”

Kafedha alimwacha aendelee. Alikuwa na njaa, na pale langoni Munga alikuwa akimpungia mkono, ameshika mihogo ya kukaanga iliyonyunyizwa ndimu na pilipili, inapoa.