Jogoo wa Shindano la Mutua

Jumamosi ya kwanza ya Agosti nilipoteza jogoo. Ndugu yangu Mutua nilikuwa nimempoteza Aprili, akaniachia chumba chake cha gemu hapa Kithyoko.

Siku hiyo tulifanya shindano la kumkumbuka. Kile kishikio cha kuchezea kinanishinda, kwa hivyo nilitumia kibodi na mausi ya Mutua, vilivyounganishwa kwenye mashine kwa adapta ndogo nyeusi. Kila nilipofyatua, adui alianguka. Nikashinda wote. Nikasimama na jogoo wa zawadi, nikawaambia watu huku nalia kwamba mkono wa Mutua ndio ulikuwa unanielekeza. Akina mama wakasema amina.

Ndunge, binti wa jirani, akainama nyuma ya mashine.

"Baba Mwende, ni hii adapta. Inakulengea adui yenyewe. Wacha nizime huko kulenga ucheze tena."

Nikacheza. Nilipiga ukuta mpaka risasi zikaisha.

"Kumbe Mutua alikuwa anatuibia hivyo?" mtu akauliza.

"Yeye alitumia kishikio kama sisi," Ndunge akasema. "Hii alikununulia wewe, Baba Mwende. Alisema labda utakubali kucheza naye."

Sikuwahi kukubali. Nikamkabidhi Ndunge jogoo.