Maiki Isiyo na Waya Kwenye Stoo ya Mitumba

Kwenu nyinyi naweza kulisimulia jambo hili nikiwa nimekaa, ila pale mtaani kwetu Tunduma mtu akianzisha tu habari ya sendofu ya Neema, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, mimi hukumbuka ghafla kwamba nimeacha maharage jikoni, nanyanyuka naondoka, na wananiacha niende huku wakijua fika kwamba sina jiko.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliiacha kidato cha pili, nikaenda Mkwajuni kuchimba dhahabu ambayo sikuiona, nikachuma kahawa Mbozi, nikapakua malori hapa mpakani, na kila nilikopita nilijifunza nusu ya kitu nikaondoka kabla ya nusu ya pili. Kitu pekee ambacho nimehama nacho miaka yote ni gitaa langu la umeme, jekundu, lenye mkwaruzo mgongoni. Kwa hiyo Mwalimu Sikanyika, anayefundisha kwaya moja ya Vwawa, aliponisikia nikipiga kwenye harusi fulani akaniambia kwaya inarekodi albamu na haina mpiga gitaa, na kwamba nikimpa wimbo mmoja safi nafasi ni yangu, moja kwa moja, na safari za kwaya nazo ni zangu, nilisikia moyoni kitu ambacho sikuwa nimekizoea. Nilitaka hili nilimalize.

Alinitumia wimbo kwenye simu, sauti na ngoma tayari, pengo la gitaa limeachwa wazi kama kiti cha mgeni. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: rekodi nyumbani, chomeka gitaa kwenye kompyuta, usiongeze kitu, mengine tutayarekebisha huku. Jumamosi angekuwa na shughuli Tunduma, jioni angepita kuuchukua.

Sasa ubishi wangu. (Mama yangu anasema nilizaliwa nikimbishia mkunga.) Gitaa la umeme unaweza kulirekodi kwa njia mbili: unachomeka waya wake kwenye kompyuta, au unalipitisha kwenye amplifaya, lipige kelele kupitia spika, halafu unaweka maiki mbele ya spika inase ile kelele. Mimi amplifaya ninayo, ndogo, niliachiwa na dereva wa lori wa Zambia, Ba Chanda, aliyekuwa akikaa kwenye foleni ya mpaka siku nyingi hadi tukawa kama ndugu. Ba Chanda alikuwa na msimamo mmoja maishani. "Mune," alikuwa akiniambia, yaani rafiki yangu, "gitaa la kuchomeka ni mbu ndani ya chupa. Gitaa lazima lisukume hewa."

Nilijaribu kuchomeka mara moja. Nikasikiliza. Nikamsikia mbu. Basi nikaamua ni maiki, na uamuzi huo mdogo, niliouchukua nikiwa nimekaa kitandani na soksi moja, ndio uliozaa mengine yote.

Tatizo la kwanza, chumba changu kiko barabarani, malori yanapumua breki za upepo kutwa nzima, ukirekodi kwa maiki unapata nusu gitaa nusu foleni. Hilo nililitatua kwa akili nyingi sana (niliona hivyo): nikamwomba Mzee Shabani, mfanyabiashara wa mitumba niliyekuwa nikimbebea mizigo, anipe ufunguo wa stoo yake. Ile stoo ina marobota ya nguo kutoka sakafuni hadi darini, ukikaa katikati hata honi huisikii, ni kama umefunikwa na blanketi la nchi nzima. Mzee Shabani alinipa ufunguo akasema nisivute sigara humo, na nisiguse robota lililofunguka.

Tatizo la pili, maiki. Rafiki yangu Jose anakodisha muziki wa shughuli, nikamkuta Jumamosi mchana anapakia maspika kwenye bajaji, ana haraka, jasho linamtoka. Maiki zote za waya alishazifunga. Iliyobaki ni moja isiyo na waya, na kiboksi chake cha kupokelea. Akanipa, bajaji ikaanza kuondoka, akapiga kelele akiwa juu ya spika kwamba nisiiwashe leo, niitumie kesho, atanieleza. Lakini kesho Mwalimu angekuwa ameshaondoka. Nikajiambia Jose anaogopa nitamalizia betri.

Nikajifungia stooni. Ilikuwa mwezi wa saba, na nyinyi mnaojua Tunduma mwezi wa saba mnajua baridi yake, vidole vikawa vinagoma, kwa hiyo nikagusa robota lililofunguka, nikachomoa koti refu la kike la rangi ya waridi lenye manyoya shingoni, nikalivaa. Nikaweka amplifaya juu ya robota, maiki mbele yake, kiboksi nikakichomeka kwenye kompyuta, nikawasha, nikapiga.

Lilitoka zuri, sitawaficha. Lakini mimi nikiwa peke yangu huwa naongea. Nikikosea napiga tena, na kabla ya kupiga tena najieleza, na safari hii, nikiwa nimeona nimempita Mwalimu akili, nikaanza kumwigiza. Mwalimu Sikanyika akianza mazoezi hukohoa mara mbili, halafu huwageukia waimbaji wa besi na kuvuta ile lafudhi yake ya Kinamwanga: "Besi, tulieni, mnakimbilia wapi?" Nikakohoa. Nikaivuta lafudhi. Nikaendelea: "Chomeka tu, chomeka tu. Huyu mzee masikio yake yaliishia kwenye redio ya mbao." Nikacheka mwenyewe, nikapiga tena, nikakohoa tena.

Mlango ukafunguliwa. Jose akapenya katikati ya marobota, hakuniangalia hata usoni, akanyoosha mkono akaizima maiki. Akakaa juu ya robota kama mtu aliyetoka mazikoni.

"Festo," akasema taratibu, "unasikika kwenye sendofu."

Nikamuuliza sendofu gani. Akanionyesha ukuta. Nyuma ya stoo ni uwanja wa kina Mama Neema, ambako mchana ule niliona maturubai yakifungwa na sikujali. Jose akanieleza alichotaka kunieleza kesho: ana seti mbili za maiki zile, za aina moja, zote ziko kwenye masafa yaleyale, na nyingine ilikuwa mkononi kwa mshereheshaji. Mshereheshaji akiongea, yake inashinda. Akizima yake, kiboksi cha pale kinatafuta, kinanikuta mimi. Na alikuwa ameizima muda mrefu, kwa sababu shughuli ilikuwa imefika pale ambapo bibi harusi anainuka kumtafuta mchumba wake katikati ya wageni ili amtambulishe kwa wazazi, na mshereheshaji aliomba watu wote wakae kimya kabisa.

Walikaa kimya kabisa. Kwanza walisikia gitaa, wakadhani limepangwa, wakapiga vigelegele. Kisha walisikia kikohozi.

"Ile ya redio ya mbao nayo ilisikika?" nikauliza.

"Mpaka kwa wapishi."

"Mwalimu Sikanyika hayupo pale, lakini."

Jose akanitazama kwa huruma. Shughuli ya Mwalimu Tunduma ilikuwa hiyohiyo. Neema ni mwimbaji wake, kwaya nzima ya Vwawa ilikuwa imekaa mistari miwili ya mbele, na waimbaji wa besi, kwa maelezo ya Jose, walikuwa wameinamia viti hawawezi kunyanyuka.

Akasema Mwalimu ananiita, niende na gitaa. Nikatoka. Nilikuwa nimeshazunguka ukuta, nimeshapita maturubai, niko mbele ya watu wote, ndipo nilipoona kila mtu ananitazama chini ya kidevu, nikakumbuka manyoya. Mzee Shabani alikuwa mstari wa tatu. Aliliangalia lile koti, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa mara moja tu.

"Shemeji zetu," mshereheshaji akasema, "redio yenyewe ndiyo hii, imekuja na kava lake."

Kicheko kile bado nakisikia nikifumba macho. Neema alikuwa amesimama katikati ya uwanja, hajamfikia mchumba wake, ameshika ua, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mwalimu Sikanyika akasimama, akachukua maiki kwa mshereheshaji, na ikatokea kwamba kabla ya kusema neno akakohoa mara mbili, kama kawaida yake, na kwaya ikaanguka upya. Akasubiri. Hakuwa anacheka. Nikaiona nafasi yangu inafungwa kama duka la jioni.

"Festo," akasema, "haya masikio yangu ya redio ya mbao yamesikia uzi wako wa tatu umelegea. Ukaze."

Nikaukaza, na ulikuwa umelegea kweli. (Nilikuwa nimepiga hivyo saa nzima nikiisifia hewa.) Kisha akamwambia Jose alete waya, na akaniambia mimi neno moja tu.

"Chomeka."

Nikachomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa ya Jose, nikiwa ndani ya koti la waridi, nikapiga ule wimbo mwanzo hadi mwisho bila kuongea, kwaya ikaingia juu yake, na Neema akatembea taratibu akamchukua mchumba wake. Jose alikuwa anarekodi shughuli yote, na gitaa lilirekodiwa kwenye njia yake peke yake, bila kelele za watu. Jioni Mwalimu aliondoka na kipande hicho kwenye flashi, na ndicho kilichomo kwenye albamu.

Nafasi nilipata. Masharti yake ni kwamba kwenye mazoezi nakaa nyuma ya besi na siongei, na besi wananikoholea kila wiki.

Ba Chanda alipopita tena na lori lake nilimpigia ule wimbo kwenye simu. Akafumba macho, akatikisa kichwa kwa raha. "Unasikia, mune? Hii imesukuma hewa." Nilitaka kumwambia. Nikamwangalia alivyofurahi, nikamwongezea chai. Maiki isiyo na waya sitaiwasha tena maishani, hata ya kusema asante, na lile koti Mzee Shabani alikataa kulipokea. Alisema kwa mji huu sasa hakuna mtu mwingine atakayelinunua.