Korotimi na Pikipiki Iliyogoma Ikipata Moto

Korotimi Sanou alirithi kwa baba yake meza ya kutengenezea redio na mita ya kupimia umeme, na kwa miaka kumi na tisa hapa Bobo-Dioulasso redio zilimtosha. Kisha watu wakaanza kusikilizia habari kwenye simu. Wateja wakapungua hadi wakabaki wazee watatu, na mmoja wao alikuja kupiga soga tu. Basi akafunga kibanda, akabeba mita yake, akaja kukaa kwenye safu ya mafundi wa pikipiki nyuma ya stesheni ya treni. Mimi nauza wali wa maharage ng'ambo ya barabara, kwa hiyo niliyaona yote.

Mkubwa wa safu ile ni Fousseni, fundi wa injini asiye na mpinzani. Hakumfukuza, ila hakuuacha ulimi wake upumzike.

"Dada Koro, hapa hakuna mawimbi ya kutafuta! Pikipiki haiimbi!"

"Ya kwako inakohoa, kaka. Hata kuimba ingekuwa nafuu."

Miezi miwili alipata vikazi vya honi na taa tu. Hadi alipokuja Hama Sidibé akisukuma pikipiki lake kuukuu, jasho likimtiririka. Hama huchanja ng'ombe vijijini, na dawa zake hazingoji juani. Lile pikipiki, betri ikiisha, linazima kabisa. Alikuwa ameshabadilisha betri mbili, na zote zilimwishia njiani. Fousseni alishamwambia koili, ule msokoto wa waya unaozalisha umeme, imeungua, isukwe upya, na Hama akaona bora asikie na kauli ya pili.

Wabobo na Wafulani ni watani, kwa hiyo salamu haikuchukua muda kuharibika.

"Mfulani, ng'ombe wamekutupa chini, sasa na chuma nacho kimekukataa?"

"Wewe Mbobo, weka kata ya pombe chini kwanza, ndipo uguse mali yangu."

Korotimi akacheka, akachuchumaa. Akapima betri: haina kasoro, ila imeisha chaji, akaazima iliyojaa kwa fundi jirani. Akazichomoa waya mbili za njano zinazotoka kwenye koili, akawasha injini, akapima. Umeme ulikuja mwingi, na uliongezeka kila alipoongeza mafuta. Injini ilipozimwa, akahakikisha hakuna waya iliyogusana na bodi.

"Koili ni nzima," akasema, kwa sauti ya kumfikia Fousseni. Akapima na kile kisanduku chenye mapezi kinachogeuza umeme wa koili kuwa chaji. Nacho kizima. Akarudisha waya, injini ikanguruma, mita ikasoma volti kumi na nne na kitu. Betri ilikuwa inachaji vizuri kabisa.

"Sasa umetengeneza nini?" Hama akauliza.

"Sijui," Korotimi akajibu. Kosa lake ni kwamba alimwacha aende.

Kesho yake saa nne Hama alirudi anasukuma. Safu nzima ikaangua kicheko. Fousseni akapaza sauti, "Redio imepoteza stesheni!" Nilimpelekea Korotimi sahani ya wali, hakuigusa. Aliniambia usiku wa kuamkia siku ile hakupata usingizi wa maana, na kwamba akishindwa na hili atarudi nyumbani akauze mkaa.

Kisha akamuuliza Hama swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. "Linazima baada ya muda gani?"

"Nikishapita mashimo ya barabara ya Dinderesso. Nusu saa hivi."

"Kumbe linagoma likishapata moto na mtikisiko! Na sisi tunalipima limesimama, limepoa."

Akaikaza mita juu ya tangi kwa mpira wa tairi, akaazima tena betri iliyojaa akaiweka mahali pa ile iliyokwisha, akaunga waya za mita hapo, akapanda nyuma ya Hama. Safu ikapiga vigelegele kama wanasindikiza bibi harusi.

Yaliyotokea huko alinisimulia Hama. Dakika ishirini mita ilisoma kumi na nne bila kutetereka. Walipoingia kwenye mashimo, namba zikaanza kucheza, kisha zikashuka hadi kumi na mbili, zikabaki hapo.

"Simama! Usizime injini!"

Korotimi akainua kiti, akapapasa waya moja baada ya nyingine, hadi akaruka kwa maumivu. Plagi ya plastiki inayounganisha zile waya za njano na kisanduku ilikuwa ya moto kama jiko. Akaifunika kwa kitambaa, akaibana kwa nguvu.

"Soma!"

"Kumi na mbili... kumi na tatu... kumi na nne! Wallahi, kumi na nne!"

Akaiachia, namba zikashuka. Akaibana, zikapanda. Hama aliniambia walifanya hivyo mara tano, watu wazima wawili kando ya barabara, wakishangilia kama watoto.

Walirudi, akaipasua plagi ile mbele yetu. Nje ilionekana safi, lakini ndani pini moja ilikuwa imeungua, nyeusi tititi, imelegea. Akaikata plagi yote, akasafisha waya kwa msasa, akaziunga kwa risasi ya kuyeyusha, akazivisha mpira. Kazi yenyewe haikufika hata robo saa.

Hama alizunguka vijiji wiki nzima. Aliporudi alikuja amepanda, honi inalia tangu kona ya stesheni.

Jumatatu iliyofuata Fousseni alikuja hadi kwa Korotimi, mkononi ana mita mpya, bado iko kwenye nailoni yake.

"Niliinunua miaka sita iliyopita," akasema taratibu. "Sikuwahi kujua nianzie wapi. Nielekeze, dada."

"Tuanze na pikipiki yako, kaka."

"Yangu haina tatizo."

Akaiwasha, Korotimi akamwonyesha pa kugusa na namna ya kuongeza mafuta. Fousseni akainama, akasoma kwa fahari, "Kumi na sita! Yangu inaishinda ya Mfulani!"

"Kaka, hiyo inakaanga betri. Lete bisibisi."