Wimbo wa Tatu wa Karwirwa

Ukimwuliza Karwirwa wa Githongo ni nyimbo gani za Krismasi anazozipenda, hatakutajia zile zinazopigwa madukani tangu Novemba, zenye kengele na theluji. Theluji sisi tunayo. Iko juu ya mlima, tunaiona asubuhi mawingu yakiondoka, na hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuona sababu ya kuiimbia. Karwirwa atakutajia nyimbo tatu, zote zimezaliwa hapa, na hakuna hata moja iliyowahi kuandikwa mahali.

Wa kwanza ni wa kubisha hodi. Tuliuimba alfajiri ya Krismasi tukipita boma kwa boma, na mwenye nyumba hakuruhusiwa kufungua mpaka ubeti wa tatu uishe, hata kama chai imeshaiva. Wimbo huo uliuawa na mageti ya chuma. Siku hizi ukiimba nje ya geti, anayekuitikia ni mbwa.

Wa pili ni wa kusukuma chapati. Beti zake zilikuwa nyingi sawa na chapati zenyewe, na kila mwanamke aliyeshika kijiti cha kusukumia alipaswa kutunga ubeti wake, wa kumsifu Mtoto au wa kumchokoza wifi yake. Huo nao umekufa. Watu wananunua chapati hotelini, zimefungwa kwenye gazeti. Nani atatunga ubeti juu ya gazeti?

Ulibaki wa tatu, na habari yangu ni ya huo.

Karwirwa ana miaka sabini na mmoja. Alikwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa akiwa na kumi na sita, na kila msimu mpaka leo yuko pale mezani. Kwa asiyejua, kahawa ikishamenywa na kuoshwa huanikwa juu ya meza ndefu za waya. Wanawake husimama kando wakiigeuza kwa mikono na kutoa mbegu mbovu. Mvua ikija, kila meza lazima ifunikwe kwa karatasi ya nailoni, maana kahawa ikilowa tena imeharibika. Na mvua ya huku haitumi barua.

Wanawake wa wakati huo waliutunga wimbo huu hapo mezani, mwezi wa Desemba. Unaanza taratibu, kama mikono inavyogeuza kahawa: Mtoto amelala majanini, mama yake anamtazama. Kisha wingu linashuka mlimani, na wote wanapaza sauti: Funikeni! Funikeni! Mtoto asilowe! Hapo wimbo unakwenda mbio. Mwishoni unatulia tena, kwa sababu Mtoto amefunikwa. Uliingia kanisani, ukaimbwa kila Krismasi, na kwa miaka thelathini ya mwisho aliyeuongoza ni Karwirwa.

Mwaka juzi kwaya ilipata kiongozi mpya, Mwendwa, mwalimu wa shule ya msingi. Mwanzoni mwa Desemba mwaka jana alibandika mlangoni pa kanisa orodha ya nyimbo za Krismasi. Karwirwa aliisoma kwa kidole, mara mbili, kisha akamtafuta.

"Mwalimu, wimbo wetu umeuficha wapi?"

"Shosho, bibi yangu, sijauficha. Mwaka huu umekaa nje kidogo."

"Nje kwa nani?"

Mwendwa ni kijana mwenye adabu, hilo namkubalia. Alimweleza kwamba kwaya ina watu ishirini na wawili na hakuna hata mmoja anayeujua; wao huwasikiliza tu. "Wanaouimba bado ni nyinyi wanne tu, na wawili wenu hawawezi kusimama muda mrefu."

"Tutaimba tumekaa."

Antony, mpiga kinanda, akaingilia. "Tena wimbo una kosa, Shosho. Mnaanza vizuri, mkifika katikati mnakimbia kama mmefukuzwa na nyuki. Mimi nimeunyoosha. Sikiliza." Akabonyeza kinanda chake, nacho kikatoa mdundo uleule tangu mwanzo hadi mwisho.

Karwirwa alisikiliza ameinamisha kichwa. "Kweli umenyooka," akasema. "Kama maiti."

Kwaya nzima ilicheka, Antony pamoja nao. Mwendwa akakata shauri: "Nakupa Jumamosi moja, Shosho. Wakiushika, unaingia kwenye orodha. Wasipoushika, tunauacha, na mwakani tusiulizane."

"Jumamosi niko mezani, kahawa haijui kwaya."

"Sasa?"

"Sasa waje mezani."

Wakaja. Wengi walikuja na viatu vyeupe, wakijipiga picha karibu na kahawa kama watalii, ilhali mama zao wamewalipia karo kwa kahawa hiyohiyo. Alikuwapo kati yao Winrose, binti wa jirani yangu, aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu cha Embu. Meneja wa kiwanda, Muthamia, akatoka ofisini.

"Mama Karwirwa, hawa ni nani?"

"Kwaya."

"Kwaya ya kugeuza kahawa?"

"Una neno?"

Muthamia alizitazama meza zake arobaini na wafanyakazi wake tisa. Akarudi ofisini.

Nami nilikuwepo. Nilipima kahawa kiwandani hapo miaka mingi, na bado huenda kuketi mlangoni pa ghala nikisoma. Nakiri sikwenda siku hiyo kuwaombea mema. Nilitaka kuona vijana hawa, wasiojua hata jina la mto wanaouvuka, wakiaibika mbele ya wimbo wa mama zetu.

Karwirwa aliwaamuru waoshe mikono na kuweka simu kwenye debe. Akawapanga wawili wawili kila meza. "Usiimbe kwanza," aliwaambia. "Geuza. Mkono uende, urudi. Ukishauzoea, fungua mdomo." Kufikia saa sita walikuwa wameushika mwanzo wa wimbo, na walikuwa wakiuimba vizuri kuliko nilivyopenda.

Lakini kila walipofika kwenye Funikeni, wimbo ulisambaratika. Huyu mbele, yule nyuma.

"Ongezeni kasi," alisema Karwirwa.

"Kiasi gani, Shosho?" aliuliza Winrose.

"Kiasi cha kutosha."

"Kutosha nini?"

Karwirwa aliwaimbia peke yake, mara nne, na sauti ikaanza kukwaruza. Antony akasema kwa upole, na upole wake uliniudhi zaidi, "Si nilisema? Hapo ndipo penye kosa." Mwendwa alitazama saa, akafunga daftari. "Shosho, umejaribu. Mungu ameona."

Karwirwa alirudi kugeuza kahawa, uso ameuinamisha. Nilimjua mama huyu kwa miaka hamsini na sikuwahi kumwona akigeuza kahawa bila kuimba.

Ndipo Muthamia akatoka ofisini mbio. "Mvua! Mvua iko kwa shule! Funikeni!"

Tuliitazama ikishuka mteremko, nyeupe, ikila migomba. Karwirwa aliurukia mwisho wa karatasi ya nailoni, na bila kufikiri akaanza: "Funikeni!" Winrose akashika mwisho wa pili. "Funikeni!" Sasa wote wakakimbia, wawili wawili, huyu akivuta, yule akibana ukingo kwa jiwe, na wimbo ukawa unatoka vifuani mwao wenyewe, kwa kasi ya miguu yao, meza baada ya meza. Antony aliteleza akakaa kwenye tope, akainuka akiimba. Mimi mwenyewe nilijikuta nimeshika karatasi, sijui aliyenipa ni nani. Meza ya mwisho ilifunikwa matone ya kwanza yakianguka, na hapo sauti zikatulia zenyewe, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pumzi: Mtoto amefunikwa, amelala.

Tulijibanza ukutani mwa ghala, tumelowa. Antony alizitazama zile meza, kisha viatu vyake.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe nini?" Karwirwa akamwuliza.

"Kumbe si kosa."

"Tena!" akapaza sauti Winrose, nao wakauanza upya, mvua ikiwapigia bati. Mwendwa alichukua kalamu akauandika kwenye orodha palepale, karatasi ikimlowea mkononi.

Siku ya Krismasi kinanda kilibaki kimefungwa, na Antony alisimama na waimbaji wa sauti nzito. Mwendwa akamwashiria Karwirwa aje mbele aongoze. Karwirwa akamsukuma Winrose. "Ongoza wewe. Mimi nitaitikia. Miaka thelathini nauongoza, sijawahi kuusikia."

Walipofika kwenye Funikeni, wanawake wa safu za nyuma, wale waliowahi kufanya kazi mezani, walisimama. Nadhani mikono yao haikuwauliza. Walivua leso walizojifunga wakaanza kufunika kilichokuwa karibu: watoto, mabenchi, na wengine wakaifunika meza ya mchungaji pamoja na karatasi zake za mahubiri. Watu walicheka mpaka wakalia. Mchungaji alitafuta karatasi zake chini ya leso tano, akapata mbili, na mahubiri ya Krismasi hiyo ndiyo mafupi kuliko yote niliyowahi kuyavumilia.

Jambo moja tu lilinikera. Winrose aliongeza ubeti. Kabla ya wimbo kutulia, aliimba juu ya watu waliotoka mbali wakakuta wingu limefika, wakashika mwisho wa karatasi pamoja na waliokuwepo. Ubeti huo haukuwepo, mimi ni shahidi. Tulipotoka nilimwendea Karwirwa kumshtakia.

"Umemsikia? Ameongeza maneno yake!"

"Nimemsikia. Sisi tuliongeza mangapi?"

Akaniacha nimesimama. Alikuwa amemwona Winrose karibu na mlango, akamshika mkono akamvuta kando.

"Ule ubeti wako, mjukuu wangu, niimbie tena polepole. Jumatatu nina kahawa mezani, na sitaki kuukosea."