Sikio kwa Kidole

Siku yangu ya kwanza, mwaka 2008, msimamizi wa zamu aliniangalia mikono kabla hajaniuliza jina; alichojua ni kwamba natoka Tanga. Alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mnene, mpole, na kiwanda chetu cha sufuria kilikuwa huku ugenini, kusini ya mtaa wa Marshalltown.

"Mzee wa Tanga, vidole vyote unavyo?"

Nikamwambia ninavyo.

"Sharp, safi. Uvilinde basi."

Hilo sikuhitaji kufundishwa. Baba yangu alikuwa manamba, kibarua wa mkataba katika shamba la mkonge enzi za mkoloni. Korona, mashine ya kuparua majani ya mkonge, ilimla vidole vinne vya mkono wa kulia. Katani ikaenda Ulaya, yeye akarudishwa nyumbani. Mpaka anakufa, tonge alimegewa na mama.

Mimi niliwekwa kwenye presi. Unalaza duara la aluminiamu juu ya kalibu, unakanyaga pedali, chuma kinashuka, sufuria inatoka. Lakini klachi ikilegea, presi hurudia kupiga bila kukanyagwa, na mkono wako bado umo ndani. Kabla ya kurudia, hukwaruza kidogo. Mkwaruzo huo ndio tuliousikiliza zamu nzima, katika kelele zile.

Baadaye meneja akaleta vizibo vya masikio. Akipita tunavivaa; akigeuka, mfukoni. Msimamizi akaniona.

"Mzee, utakuwa kiziwi."

"Na nikivaa, nitaisikiaje presi?"

Akapapasa mfuko wake. Vyake pia vilikuwa mfukoni. Habari ya kutengeneza klachi haikutajwa kamwe, maana presi ikisimama, mali haitoki.

Nilistaafu 2014 na vidole vyangu kumi. Nilijiona mjanja kuliko baba, Mungu anisamehe. Nyie mnaoingia viwandani leo, msikubali kuchagulishwa kiungo cha kupoteza. Mwenye mashine aitengeneze mashine yake. Najua kusema ni rahisi, na hata kusema kwenyewe nimechoka.

Binti yangu Zuhura alikuwa akiniachia mwanawe mchanga akienda kazini Midrand. Siku moja alirudi akamkuta mtoto amelia hadi sauti imemkauka, na mimi nimo chumba hicho hicho, nimempa mgongo, namenya viazi. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Siku hizi mtoto anapelekwa kwa jirani, na Zuhura huniinamia sikioni kabla ya kutoka: "Baba, wewe pumzika tu."