Mtandao wa Jumatano Asubuhi

Nzisa wa Kalamba hakupendwa kazini, na sitajifanya kwamba nilimtetea. Miaka kumi na mmoja alikata majani ya mbaazi ya kupimwa maabara kwenye kituo chetu cha utafiti. Mstari wa saba shambani ulikuwa wa mbegu ya marehemu mamake, aliyoileta mwenyewe akaomba ijaribiwe.

Siku moja Daktari Kyule, mtafiti wetu mkuu, alituita tuone kompyuta yake. Vitone chungu nzima, vimeunganishwa kwa nyuzi; aliuita mtandao. Kila kitone ni jeni, alisema, na uzi maana yake jeni hizo mbili huamka na kulala pamoja. Katikati palikuwa na kitone kinene chenye nyuzi kila upande. Hicho, kwa maneno yake, ndicho kilichosaidia mbaazi kuvumilia ukame, na kiliamka katika mistari sita ya kwanza tu. Iliyobaki ingeng'olewa Jumatatu.

"Daktari, hiyo si ukame," Nzisa akasema. "Mistari sita tulikata alfajiri. Hii ingine tulikata baada ya maombi, saa tatu, jua imewaka. Kata yote tena wakati moja."

"Mama, wewe ulisomea jeni wapi?"

Mutisya, nyapara wetu na kiongozi wa maombi ya Jumatano, alikasirika zaidi. "Kwa hivyo maombi ndio imeharibu research? Sema tu umechoka na Mungu."

"Sijataja Mungu. Nimetaja saa."

Sote tulijua anasema kweli, maana makasi yalikuwa mikononi mwetu. Tulitazama viatu. Jumatatu mbaazi za kuanzia mstari wa saba ziling'olewa zikiwa na maua, na jembe akapewa yeye. Alikataa, akafutwa.

Baadaye wakubwa wa Kyule walimuuliza majani yalikatwa saa ngapi. Akalazimika kukata majani ya mistari sita iliyosalia alfajiri, kisha saa tatu. Mimea ileile, lakini kitone kinene kiliamka alfajiri na kulala saa tatu. Mtandao wake wote ulikuwa wa saa na jua, si wa ukame. Sasa akaitaka mbegu ile ya mstari wa saba.

Nilimpeleka Kalamba kwa kuwa njia naijua. Nzisa alikuwa nje akipukuchua mbaazi za mamake, beseni limejaa.

"Mama, tunaomba kilo moja tu," Kyule akasema.

Hakumwangalia. Aliniangalia mimi. "Wewe ulikuwa na makasi. Mwambie mstari wa saba tulikata saa ngapi."

"Saa tatu," nikasema.

"Kumbe unajua kuongea."

Akabeba beseni, akaingia ndani, akafunga mlango.