Fundi Grisi na Vidonge vya Mafuta ya Samaki

Fundi Grisi anasema hakuna cherehani iliyowahi kumshinda, na ukimpa nafasi atakwambia hata zile ambazo hazijatoka kiwandani zinamwogopa. Miaka ishirini na sita anakaa kwenye chumba chenye dirisha moja nyuma ya maduka ya vitambaa, kopo la mafuta mkononi, bisibisi mdomoni, anapokea mashine zilizogoma. Jina lake la kuzaliwa analijua mama yake na karani wa kliniki, basi. Ukimsalimia kwa mkono unaondoka umelainika.

Dawa yake ni moja tu, mafuta. Mashine inapiga kelele, mafuta. Imekaza, mafuta. Siku moja mlango wa jirani ulikuwa unalia, akaufuata mwenyewe na kopo lake, wala hakuitwa.

Chumba hicho anakaa na kaka yake. Kaka alikuwa mshonaji wa suti, mkono wake ukisifiwa mpaka na wasiompenda. Mwaka juzi, asubuhi moja, alikuwa anakata kitambaa, mkasi ukamdondoka. Akainama kuuokota, akashindwa kuinuka. Kiharusi hicho. Mguu umerudi kiasi, ila mkono wa kulia bado unaning'inia kama mkono wa shati lililoanikwa. Hayo ni maneno yake mwenyewe. Ukiyasema wewe anakasirika. Siku hizi anapanga sindano na bobini kwa mkono wa kushoto, na muda unaobaki anamtania mdogo wake.

Baada ya pale Grisi naye akapimwa. Presha juu. Akapewa vidonge, kimoja kila siku, mpaka mwisho wa maisha. Hilo la mpaka mwisho lilimkera kweli. Mashine ukiitengeneza imepona, hairudi kwa fundi kila asubuhi. Halafu mteja mmoja akamwonyesha chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki, vya manjano vinavyong'aa, akasema vinasaidia mishipa. Grisi hakungoja aambiwe mara mbili. Mishipa si mirija? Mirija si inataka kulainishwa? Na kwenye kulainisha, nani wa kumfundisha yeye? Akanunua chupa yake, na vile vya presha akavisukumia ndani ya droo, chini ya mikanda iliyokatika.

"Mdogo wangu," kaka akamwambia siku moja, "ukicheua humu ndani, paka wa mtaa mzima wanasimama mlangoni."

"Waache wasimame. Damu yangu sasa hivi inateleza tu."

"Na vile vya presha?"

"Vya nini tena? Wiki ya tano hii nimeviacha. Kichwa kinagonga kidogo asubuhi, lakini huo ni uchovu."

Kaka akapanga sindano tatu, akaipangua moja.

"Basi na mimi nimeacha vyangu," akasema. "Tangu juzi. Nigawie hiyo chupa."

Bisibisi ya Grisi ikasimama. "Wewe huwezi kuacha, kaka."

"Kwa nini? Si mafuta yale yale?"

"Wewe ulishaanguka."

"Ndiyo maana nahitaji kulainishwa zaidi. Au dawa yako inafanya kazi kwako tu?"

Grisi alikuwa na jibu la mishipa yake yote, ila la mishipa ya kaka yake hakuwa nalo. Akaona ule mkasi ukidondoka tena. Akafunga chumba saa tano asubuhi, mashine nne zikiwa zimefunguliwa matumbo, akamshika kaka mkono wakaenda kliniki, mwendo wa taratibu.

"Sista, mpime huyu," akamwambia nesi. "Ameacha dawa, anataka mafuta ya samaki."

Nesi akamfunga kaka mpira wa kupimia presha, akapampu, akasoma. "Mia na ishirini na nane kwa themanini. Huyu hajaacha dawa, baba."

Kaka alikuwa anaangalia dari. "Changu nimemeza asubuhi na chai," akasema. "Sasa mpime fundi."

Grisi akataka kucheka, mpira ukambana. Mia na tisini kwa mia na kumi na nne. Nesi akapima tena mkono wa pili, na safari hii hakusoma kwa sauti.

"Umeacha lini?"

"Wiki tano." Sauti ilitoka ndogo. "Nilikuwa natumia mafuta."

"Samaki kuleni, ni chakula kizuri. Lakini hivyo vya chupa visikufanye uache dawa ya presha. Haviwezi kukaa mahali pake. Leo huondoki hapa mpaka daktari akuone."

Daktari akamwona, akamwuliza mengi, akaagiza arudishiwe dawa yake. Nesi akaleta kidonge na maji. Grisi akakigeuza kiganjani, kidogo kuliko kichwa cha parafujo.

"Na hiki ni mpaka mwisho, sista?"

"Mpaka mwisho."

Kaka akachukua kikombe kwa mkono wa kushoto, maji yakamwagika kidogo, akamsogezea.

"Kunywa, mdogo wangu. Shati langu tu linanichukua robo saa kulifunga vifungo. Na wewe ukianguka, la kwako nitalimaliza lini?"